Mkanda mweusi si mwisho wa safari

Wengi tumekua tukiamini kwamba mwenye mkanda mweusi wa karate amehitimu, hana tena la kufundishwa. Si kweli, na jina la daraja hilo linatosha kuonyesha. Kijapani huitwa shodan, yaani hatua ya kwanza.

Mtazameni mwanakarate Hirokazu Kanazawa, aliyezaliwa Iwate, Japani, mwaka 1931. Alipoingia mashindano ya kwanza ya karate ya Japani nzima mwaka 1957, tayari alikuwa na mkanda huo. Mwenyewe alisimulia kwamba alipigana akiwa amevunjika mkono siku chache kabla, na bado akatwaa ubingwa wa kumite, yaani mapambano ya ana kwa ana. Hapo ndipo wengi wangesema basi, kafika.

Yeye mwaka 1961 alikwenda kufundisha Hawaii, baadaye Uingereza, na mwaka 1978 akaanzisha shirika lake la kimataifa la karate. Ninachokithamini zaidi ni hiki: bingwa huyo alijiweka chini ya mwalimu Yang Ming-shih ajifunze taichi ya Kichina, mienendo ya polepole, pumzi ikifuatana na mkono. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 88.

Ukipata nafasi, angalia kwa karibu mkanda wa mwalimu mkongwe. Kitambaa cheusi kimelika pale kwenye fundo, na nyuzi nyeupe za ndani, rangi ya mkanda wa anayeanza, zimeanza kuchungulia.