Perikopa si mstari, wala si sura

Neno perikopa limeshika kasi katika semina za makatekista na mafundisho ya jumuiya hapa Tabora, na mara nyingi linapotamkwa huwa limebebeshwa maana isiyo yake. Mmoja atasema "perikopa yetu ni Yohana 3:16", mwingine atasema "tufungue perikopa ya tano ya Mathayo", kana kwamba ni jina la kisomi la mstari au la sura. Perikopa ni kipande cha Maandiko chenye mwanzo wake na mwisho wake, kinachoweza kusimama peke yake kikaeleweka, nacho huchaguliwa ama kusomwa ibadani ama kuchambuliwa na wasomi.

Asili yake ni Kigiriki: peri ni kuzunguka, na koptō ni kukata, kwa hiyo perikopē ni kilichokatwa pande zote. Anayekata hivyo ameamua aanzie wapi na akomee wapi kwa kufuata maana. Sura na mistari zina historia nyingine kabisa, tena ya baadaye sana. Mgawanyo wa sura tulionao huhusishwa na Stephen Langton wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Namba hizo ni za kutafutia mahali, na mara nyingine hupita katikati ya jambo moja. Somo la kwanza la Ijumaa Kuu kwa Wakatoliki ni Isaya 52:13 hadi 53:12, kwa sababu habari ya mtumishi wa Bwana huanza kabla ya sura ya 53. Anayefungulia 53:1 kwa kuwa ndipo palipoandikwa namba kubwa ameuacha utenzi huo wa mtumishi bila kichwa.

Uzito wa kukata unaonekana vizuri katika Luka 4. Yesu anasimama katika sinagogi la Nazareti, anapewa chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya, anasoma mpaka kwenye mwaka wa Bwana uliokubaliwa, kisha anakifunga, anamrudishia mtumishi na kuketi. Ukifungua Isaya 61:2 utaona kwamba sentensi haikuishia hapo, kwani inaendelea kutaja siku ya kisasi cha Mungu. Luka hatumii neno perikopa, lakini hakuna mfano bora wa kuonyesha kwamba mahali pa kukomea ni sehemu ya ujumbe.

Mstari wa siku wa ndugu zetu Wamoravian, ambao ni wengi mkoani kwetu, nao umeanza kuitwa perikopa, na sivyo. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura ya bahati nasibu. Unaotolewa kwa kura haukukatwa na mtu aliyepima mwanzo na mwisho wa habari.

Linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni kuchanganya perikopa na somo, kosa ambalo hata waliosoma hulifanya. Injili ya Dominika ya 3 ya Kipindi cha Kawaida, mwaka C katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Wakatoliki, ni Luka 1:1-4 pamoja na 4:14-21. Ni somo moja, linasomwa kwa pumzi moja na kufungwa kwa kiitikio kimoja, lakini ndani yake mna perikopa mbili: dibaji ya Luka kwa Theofilo, na habari hiyo ya Nazareti, zilizounganishwa kwa kuruka sura mbili na zaidi. Kwa hiyo msomaji anayetangaza kilichopangwa katika Kitabu cha Masomo atakuwa salama akiliita somo, kama waumini walivyozoea kuliita, na anayefundisha kwa kutumia neno perikopa aonyeshe kwanza, Biblia ikiwa wazi mkononi, habari yake inaanzia mstari upi na kwa nini isianzie ule wa kabla yake.