Hakuna Darubini Inayopiga Nyota Eksirei

Katika maswali yote ninayoulizwa kuhusu darubini za anga za juu, moja limejirudia kiasi kwamba sasa naona heri nilijibu kwa maandishi: darubini ya eksirei huchukua muda gani kufikisha miali yake kwenye nyota, na je, miali hiyo haidhuru kitu huko inakofika? Wengine huja na swali hilohilo kwa mlango wa pili, wakitaka kujua ndani ya nyota huonekanaje ikishapigwa picha ya namna hiyo. Mzizi wa yote mawili ni mashine ya hospitali, ambayo imetukaa kichwani tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua miali hiyo mwaka 1895.

Hospitalini kuna chanzo cha miali upande mmoja, mgonjwa katikati na kihisi upande wa pili, na picha inayopatikana ni kivuli cha kile kilichoizuia miali. Katika astronomia mpangilio huo haupo kabisa. Darubini haitoi mwali wowote. Ina vioo na vihisi, na kazi yake ni kupokea tu. Anayeng'ang'ania kwamba miali hutumwa na apige hesabu kidogo: Nebula ya Kaa, wingu lililobaki baada ya nyota kulipuka, iko umbali wa takriban miaka ya nuru 6,500, kwa hiyo mwali wa kwenda na kurudi ungehitaji miaka 13,000. Darubini ya eksirei ya Chandra ilirushwa Julai 1999, na picha yake ya nebula hiyo ilitolewa kabla mwaka huo haujaisha.

Eksirei tunazozipokea hutolewa na vitu vyenyewe. Gesi ikipashwa joto hadi mamilioni ya nyuzi, sehemu kubwa ya mnururisho wake huwa eksirei. Ndivyo ilivyo kwa gesi iliyotanda kati ya galaksi zilizo katika makundi makubwa, na kwa mabaki ya nyota zilizolipuka. Katika Nebula ya Kaa chanzo ni kingine: elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya nuru ndani ya uga wa sumaku. Jua nalo hutoa eksirei, na hapa wale wa "kuona ndani" hushangaa, kwa sababu picha ya eksirei ya Jua haionyeshi kiini chake, bali korona, ambayo ni tabaka lake la nje kabisa lenye joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Uso tunaouona kila siku, wenye nyuzi 5,500 hivi, huonekana mweusi katika picha hiyo.

Kama kuna mahali ambapo neno "kupigwa" lingefaa walau kidogo, ni mwezini. Mwaka 1990 setilaiti ya ROSAT ilipiga picha ya Mwezi ambamo nusu iliyoangazwa inang'aa kwa eksirei, lakini anayeupiga ni Jua, si sisi. Kundi la mwanaastronomia Riccardo Giacconi lilikuwa likitafuta mng'ao huohuo liliporusha roketi yake Juni 1962, likakuta badala yake chanzo chenye nguvu nyingi upande wa kundinyota la Nge, ambacho leo huitwa Scorpius X-1: nyota ya neutroni, yaani kiini kilichosongamana cha nyota iliyokufa, inayofyonza gesi ya nyota mwenzake. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco kwenye pwani ya Kenya, iliacha orodha ya vyanzo 339, na hakuna hata kimoja kilichomulikwa na mtu.

Atakayekitazama chombo chenyewe kwa karibu hatabaki na shaka. Eksirei zikigonga kioo moja kwa moja humezwa, hivyo vioo vya Chandra vimetengenezwa mfano wa mapipa manne yaliyoingizana, yenye utando wa iridiamu, ili fotoni, yaani chembe za miali, zipite zikiparuza tu uso wake na kuelekezwa kwenye kihisi. Huko fotoni huhesabiwa moja moja, kila moja ikiandikiwa wakati ilipofika, mahali ilipoangukia na nishati yake, na kutokana na nishati hiyo tunajua kwamba Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka, yana silikoni, salfa na chuma. Picha moja ya kina ya anga la kusini ilihitaji sekunde milioni 7 za kungoja. Kungoja, narudia, si kupiga.

Wanaosema rangi za picha hizo zimebuniwa wana nusu ya hoja, kwa kuwa eksirei hazina rangi kwa macho yetu. Hata hivyo rangi hazigawiwi ovyo: kwa kawaida nishati ndogo hupewa nyekundu na kubwa hupewa buluu, na mpangilio huo ni wa kweli. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka, ni kusoma maelezo yaliyo chini ya picha kabla ya kuitazama picha yenyewe. Picha isiyotaja ni ya mawimbi gani haistahili kubishaniwa.

Dhana potofu hazikomei kwenye eksirei. Kuhusu infraredi, yaani nuru isiyoonekana yenye mawimbi marefu kuliko ya nyekundu, husemwa kwamba ni "joto", kwa hiyo huonyesha vitu vya moto tu. Ni kinyume chake: vumbi lenye baridi kali, ambalo halitoi nuru yoyote inayoonekana, hung'aa katika infraredi. Ndiyo maana darubini ya infraredi ya James Webb hukingwa dhidi ya Jua, na kifaa chake cha MIRI hupozwa hadi chini ya Kelvini 7 (karibu nyuzi 266 chini ya sifuri), kwani bila hivyo kingezibwa na mng'ao wake chenyewe. Husemwa pia kwamba infraredi hupenya kila vumbi. Hutegemea urefu wa wimbi. Katika picha za Webb za mwaka 2022 za Nguzo za Uumbaji, mawingu ya gesi na vumbi yanamozaliwa nyota, zile za mawimbi mafupi zimejaa nyota, ilhali katika ile ya MIRI nyota nyingi zimetoweka na vumbi lenyewe ndilo linalong'aa.

Wala si kweli kwamba infraredi haitazamwi kutoka ardhini. Mvuke wa maji huzuia sehemu kubwa, lakini kuna madirisha ambayo angahewa huyaacha wazi, mojawapo likiwa karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 2.2. Katika dirisha hilo, fotoni moja hivi kati ya kumi hutufikia kutoka kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, ilhali katika nuru ya kawaida ni moja kati ya takriban trilioni. Kwa njia hiyo makundi ya wanaastronomia Andrea Ghez na Reinhard Genzel yalizifuatilia nyota zinazolizunguka shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni 4 hivi, wakatunukiwa Nobeli mwaka 2020 kwa kazi iliyofanywa na darubini zilizojengwa juu ya milima.