Kwa nini mizani huongeza kilo 3 baada ya Krismasi?

Kila mwaka, siku mbili baada ya Krismasi, dada yangu hunipigia simu kutoka Mbale, Uganda. "Kaka, nimepanda mizani. Kilo tatu! Siku nne tu!" Halafu anaapa kutogusa matoke hadi Februari. Namwonea huruma, maana sehemu kubwa ya kilo hizo si mafuta.

Tupige hesabu. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Ili mtu aongeze kilo 3 za mafuta kwa siku 4, lazima kila siku ale kalori kama 5,800 juu ya zile anazohitaji. Hizo ni zaidi ya kilo 4 za matoke yaliyoiva, na hapo chakula chake cha kawaida hatujakihesabu. Hakuna tumbo la hivyo.

Basi uzito umetoka wapi? Mwingi ni maji. Ukila wanga kwa wingi, yaani matoke, wali, chapati na viazi, mwili huhifadhi sukari ya ziada kwenye ini na misuli. Akiba hiyo huitwa glikojeni, na kila gramu yake hukaa na gramu 3 hivi za maji. Chumvi nayo ina kazi yake. Pilau, nyama ya kuchoma na mchuzi wa sikukuu huwa na chumvi kuliko chakula cha siku za kazi, na chumvi ikizidi mwili huzuia maji. Ndiyo maana pete hubana na uso huamka umevimba. Ongeza na chakula ambacho bado kiko tumboni.

Maji hayo hutoka yenyewe ndani ya siku chache ukirudia chakula chako cha kila siku. Lakini mtu akivimba miguu na kukosa pumzi, hilo si jambo la sikukuu, aende hospitali.

Nataka pia kuyatetea matoke, kwa kuwa ndiyo hulaumiwa kwanza. Matoke ya kufunikwa kwa majani ya mgomba huiva kwa mvuke, bila tone la mafuta. Luwombo, yaani kitoweo kinachofungwa kwenye majani ya mgomba, nayo huiva kwa mvuke. Mwangalie zaidi jirani yao mezani: soda. Chupa ndogo ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi za sukari, na kwenye Ssekukkulu, yaani Krismasi kwa Kiganda, mtu humaliza tatu bila kuhisi ameshiba. Bia pia haishibishi, ilhali kila gramu ya kilevi ina kalori 7. Mchuzi wa karanga (binyebwa) ni mtamu na una lishe, ila vijiko vyake vihesabu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. Ulimi huchoka na ladha moja mapema kuliko tumbo linavyojaa. Ukiwa na posho (ugali) na maharage tu, utaacha sahani mapema. Mezani pakiwa na kuku, pilau, binyebwa, chapati na mananasi, kila ladha mpya huamsha hamu upya. Mimi huchagua vitu vitatu ninavyovipenda kweli, nakaa navyo, na mama mwenye nyumba haoni kama nimemdharau.

Je, basi hakuna mafuta yanayobaki? Yapo, ila ni machache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwapima watu wazima 195. Katika msimu wa sikukuu waliongeza wastani wa kilo 0.37. Kidogo, sivyo? Shida ni kwamba uzito huo haukutoka katika miezi iliyofuata. Miaka 10 ya namna hiyo ni karibu kilo 4.

Kwa hiyo namwambia dada: usijipime tarehe 27, na usijinyime chakula. Ngoja wiki nzima baada ya kurudi kwenye mlo wa kawaida, kisha jipime asubuhi kabla ya chai. Kinachobaki hapo ndicho cha kushughulikia. Kilo 0.37 za mafuta ni kalori 2,850 hivi, na soda moja ndogo ina kama 130. Aliyezoea soda moja kila siku, akinywa maji badala yake na asiongeze kitu kingine, atakuwa amezimaliza kwa siku 22, kabla Januari haijaisha.