Utumbo ukimwaga maji, mlango mmoja hubaki wazi

"Daktari, tangu jana nampa ORS na bado anaharisha. Nibadilishie dawa." Maneno haya nayasikia sana kliniki, na kila mara husikitika, kwa sababu mama huyo amefanya jambo sahihi na yuko karibu kuliacha. ORS, yaani unga wa chumvi na glukosi (aina ya sukari) unaochanganywa na maji ya kunywa, haikutengenezwa ili ifunge kuhara. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zinazopotea, mpaka utumbo wenyewe upone.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima hupokea takriban lita 8 hadi 9 za majimaji kila siku. Tunayokunywa ni sehemu ndogo tu. Mengine ni mate, nyongo na maji ya tumbo, ya kongosho na ya utumbo wenyewe, na karibu yote hufyonzwa humohumo yakarudi mwilini. Bakteria wa kipindupindu hawatoboi ukuta wa utumbo. Hutoa sumu inayozilazimisha seli zake kumwaga chumvi, na maji huifuata. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Zamani madaktari wengi waliona kumnywesha mgonjwa wa namna hiyo ni kazi bure, tegemeo likawa dripu. Kisha Agosti 1960, mjini Prague, mwanabiokemia Robert Crane alieleza kwamba kwenye seli za utumbo mwembamba glukosi na sodiamu huingia pamoja, kwa mlango mmoja. Zikiingia, maji nayo huingia. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Mimi naona hili ni kati ya mambo makubwa kabisa ambayo utafiti wa utumbo umewahi kutupa.

Mwaka 1968, huko Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa waliokunywa maji ya glukosi na chumvi walihitaji dripu chache zaidi. Miaka 3 baadaye, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi Bangaon, India, dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza mchanganyiko huo utolewe kwa vikombe, hata na ndugu za wagonjwa. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4.

Kwa hiyo kipimo ndicho dawa. Soma pakiti: nyingine ni ya lita moja, nyingine ni ya nusu lita. Ukipunguza maji, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Soda nayo haifai, sukari yake nyingi huvuta maji kuingia utumboni. Pakiti ikikosekana, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Yakipita saa 24, mwaga, tengeneza mengine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee kijiko kwa kijiko. Asiachishwe ziwa, na aliyekwisha anza kula aendelee kula. Ulizia pia vidonge vya zinki, hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

Macho yakibonyea, akilegea, akashindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitali mara moja. Na njiani endelea kumnywesha, maadamu anaweza kumeza.