Bambo, gunia na namba za sumukuvu

Ukihudhuria mkutano wa kimataifa wa mikrobiolojia na usalama wa chakula, utaona mapema kwamba ukumbi mkubwa ni wa bakteria kama Salmonella na Listeria. Haishangazi. Chama kikongwe cha fani hii, IAFP (chama cha kimataifa cha usalama wa chakula), kilianzishwa Marekani mwaka 1911 na wakaguzi wa maziwa, na bakteria ndio waliowapa kazi. Sisi watu wa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye chakula, mara nyingi tunapewa chumba cha pembeni, au ukuta wa kubandika mabango. Mimi ukuta wenyewe naupenda. Anayesimama mbele ya bango lako ni yule anayetaka kujua kweli, si aliyekwama katikati ya mstari wa viti akaona aibu kutoka.

Bango langu ni la mahindi na karanga za Kanda ya Kati ya Tanzania. Vijana wakifika huuliza nimepima kwa mashine gani. Wakongwe huuliza kitu kingine, tena kabla hata hawajasoma kichwa cha habari: sampuli uliichukuaje? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la maana kuliko yote katika kazi hii, na halisikiki sana huku nyumbani, kwenye soko la nafaka wala kwenye taarifa za habari.

Sumu tunayoizungumzia, aflatoksini, hutengenezwa hasa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Makazi yake ni udongoni, anapenda joto, na mmea uliopigwa na ukame hauna nguvu ya kumzuia. Wapo wanaosema Dodoma ni pakavu, kwa hiyo ukungu utatoka wapi? Hoja hiyo haina mashiko. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanabeba, kuvu anaingia kwenye punje ikiwa bado shambani, na mahindi yanavunwa yakiwa na sumu tayari. Kuyaanika chini kwenye udongo na kuyafungia kwenye magunia kabla hayajakauka sawasawa kunamalizia kazi. Mwaka 2016 ugonjwa uliotokana na sumu hiyo ulilipuka mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto. Waliorodheshwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Wengine walikula ugali wa mahindi ya shamba lao wenyewe. Moto wa jikoni hausaidii hapo, kwa sababu sumu hii huvunjika kwenye joto linalozidi nyuzi 200, na ugali ukichemka hata vipi unaishia kwenye 100.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi hapa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja, na kati ya hizo ile kali zaidi, B1, isizidi 5. Sasa shika hesabu. Watafiti wa Marekani katika miaka ya 1960 walipima karanga punje kwa punje, wakakuta punje zenye zaidi ya maikrogramu 1,000,000 kwa kilo. Punje ya karanga ina uzito wa kama nusu gramu. Punje moja ya namna hiyo, basi, imebeba maikrogramu 500, zinazotosha kufikisha kilo 50 za karanga safi kwenye ule ukomo wa 10. Punje moja! Kwenye mahindi hali si kali kiasi hicho, lakini imewahi kupimwa punje iliyozidi 400,000 kwa kilo, na hiyo peke yake inaharibu zaidi ya kilo 10.

Kwa hiyo sumukuvu haienei kwenye gunia kama chumvi kwenye mchuzi. Imekaa kwenye punje chache, na zilizobaki zote ni safi. Ukichota kiganja ukaikosa punje hiyo, cheti kinasema mahindi ni salama. Ukiipata, gunia hilohilo linaonekana kama la kuchomwa moto. Mashine haina kosa hata mara moja kati ya hizo mbili.

Sasa njoo Kibaigwa, soko kubwa la nafaka pale Kongwa, kandokando ya barabara ya Morogoro. Mpimaji anachomeka bambo ubavuni mwa gunia, punje zinateremka kwenye mfereji wake hadi kiganjani. Anachomoa, anasugua nyuzi za gunia kwa ncha mpaka tundu linajifunga. Anazitazama rangi, anapuliza vumbi la dumuzi, anatafuna punje moja kusikiliza kama inalia. Kwa kujua ukavu na wadudu, mtu huyo namwamini kuliko vifaa vingi vya dukani. Kwa sumukuvu, alichoshika kiganjani hakimwambii chochote, hasa kama mabambo yote yamepigwa kwenye magunia ya juu kwa sababu ya chini hayafikiki mpaka lori lishushwe.

Wenzetu wa Ulaya, kwa shehena kubwa ya karanga, wanataka vichoto 100 vya gramu 200 kutoka sehemu mbalimbali za mzigo. Hizo ni kilo 20, na zote zinasagwa na kuchanganywa kabla ya kuchota kile kidogo kinachoingia maabara. Kanuni za namna hiyo zina mizizi kwenye kazi ya watu kama Thomas Whitaker wa Marekani, aliyeonyesha kwamba tofauti kubwa ya majibu haitoki maabara, inatoka kwenye uchotaji. Ndiyo maana mtu akisimama jukwaani na jedwali la sampuli za nusu kilo zilizonunuliwa sokoni, wakongwe wanaanza kukohoa. Mimi nami hukohoa.

Hili si suala la wasomi peke yao. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti, mojawapo cheti cha kuonyesha kwamba kiwango hakizidi 10. Mzigo mmoja unaweza kufaulu hapa na kufeli mpakani bila mtu yeyote kudanganya. Mfanyabiashara anayeona majibu mawili ya lori lake anafikiria rushwa kwanza, na simlaumu, hakuna aliyemweleza habari ya punje moja.

Habari ya Aflasafe ya kumzuia kuvu shambani, maturubai ya kuanikia na mifuko ya PICS isiyopitisha hewa nitaiandika siku nyingine. Kinachonivutia hapa ni kwamba ubaya huohuo wa sumu kujikusanya kwenye punje chache ndio unaompa mama wa nyumbani nafasi. Akipeta na kuchambua, akatoa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa, anatoa sehemu kubwa ya sumu kwa mkono, bure. Hatoi yote, maana zipo punje nzuri kwa macho zenye kuvu ndani. Kukoboa nako kunapunguza, kwa kuwa sumu nyingi iko kwenye kiini na ganda. Hapo ndipo tunapogongana na wenzetu wa lishe, ambao wametumia miaka mingi kuwahimiza watu wale dona. Sina ugomvi nao. Dona ya mahindi yaliyochambuliwa ni chakula kizuri. Uwele na mtama, vyakula vya Wagogo tangu enzi, kwa kawaida hubeba sumu hii kidogo kuliko mahindi na karanga.

Ila kuna swali ambalo mama mmoja wa Kongwa aliniuliza akiwa na ungo mapajani: “Sasa hizi mbovu nizipeleke wapi, mwanangu?” Nikamwambia azifukie. Akanitazama, akatazama kuku wake, akasema jirani hununua za namna hiyo kwa ajili ya pombe. Pumba na punje mbovu huishia kwa kuku, kwa ng'ombe wa maziwa na kwenye mitungi ya pombe ya kienyeji, na ng'ombe akila B1 sehemu yake hutoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka M1, sumu ya ukoo uleule. Nilipitia ratiba ya mkutano ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mada ya punje zinazotupwa, na nani anaweza kumlipa mama huyo chochote ili azifukie. Haikuwepo. Bango lijalo nimeshalipatia kichwa cha habari.