Shamba lako, madini ya taifa

Huku Ruangwa, mkoani Lindi, wengi bado wanaamini kwamba kito kikionekana shambani kwako ni chako, na hati ya kimila inatosha. Sivyo. Sheria ya Madini ya 2010 inasema madini ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Ombi la leseni ndogo ya uchimbaji likifika Tume ya Madini, huangaliwa kama mwombaji ni Mtanzania, kama eneo haligongani na leseni iliyopo, na nani alitangulia kuomba. Kwa hiyo jirani anaweza kukuwahi. Lakini, na hili linaniuma likifichwa, leseni haimruhusu kung'oa mikorosho yako bila fidia. Idai kwa maandishi, mikorosho ikiwa bado imesimama.