Mbwa hazaliwi rafiki wa mtu

Haupiti mwezi bila kuletewa mbwa wa miezi 6 au 7 aliyefungwa mdomo kwa kamba. Wa wiki iliyopita aliletwa na mzee mmoja mwenye kovu bichi mkononi. "Daktari, huyu ni mbwa au mbwa mwitu? Mimi ndiye ninayemlisha na bado simgusi." Nikamuuliza amelelewa wapi. Bandani, nyuma ya nyumba, tangu alipoachishwa ziwa. Chakula anasukumiwa chini ya mlango, ili awe mkali.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Ila kwanza tuelewane kuhusu jina. Mbwa mwitu wa Serengeti, yule mwenye mabaka na masikio ya duara, si babu wa mbwa. Babu yao ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye kwetu hayupo. Kwa hiyo hata koko wa sokoni ni mgeni wa zamani: mababu zake waliingia Afrika wakiwa tayari mbwa.

Maelezo ninayoyaona ya kweli zaidi ni kwamba hakuna aliyekwenda porini kumteka mbwa mwitu ili amfuge. Mbwa mwitu waliokuwa na woga kidogo ndio waliosogelea kambi za wawindaji na kula makombo, wakazaana, na kizazi baada ya kizazi woga ukapungua. Ila kupungua si kwisha, na hapo ndipo tatizo la mzee lilipo.

Mtafiti Kathryn Lord alilinganisha watoto wa mbwa na wa mbwa mwitu, akachapisha matokeo mwaka 2013. Aligundua kuwa wote hupata hisi zao kwa ratiba moja: kunusa wiki ya 2, kusikia wiki ya 4, kuona sawasawa wiki ya 6. Tofauti ni siku ya kutoka pangoni. Mtoto wa mbwa mwitu huanza kuzunguka akiwa na wiki 2, hasikii wala haoni vizuri, anategemea pua tu. Baadaye kila sauti na kila sura mpya inamjia kama kitisho. Wa mbwa husubiri hadi wiki ya 4, na akitoka masikio yako tayari na macho yanakaribia. Ndiyo maana anaweza kumzoea mtu, mbuzi, hata paka, kwa juhudi ndogo sana.

Lakini mlango huo wa kuzoea unafungwa, kwa kawaida kufikia kama wiki ya 12. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, Marekani, walieleza jinsi walivyokuza watoto wa mbwa ndani ya uzio bila kuzoeana na watu. Waliokaa hivyo hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini.

Aliyepitia mlango huo kwa wakati wake hufika mbali katika urafiki na watu. Kule Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mwaka 1914 wachimba mawe walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke la miaka kama 14,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya mbwa wa miezi 7 hivi. Meno yake yana alama za distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa wengi. Aliugua kwa wiki kadhaa. Mimi natibu distempa na dripu na dawa, na bado wengi wananifia mkononi. Huyu hakuwa na faida yoyote ya uwindaji wakati ule. Yaelekea kuna mtu aliyemnywesha maji na kumsafisha matapishi.

Mzee akaniuliza, sasa afanyeje? Nilimwambia akae karibu na banda kila jioni, ampe mgongo, arushe vipande vya nyama, asimtazame machoni. Itachukua miezi, na huenda asije akashikika na wageni kamwe. Nikamchanja kichaa cha mbwa, watu watatu tukiwa tumemshika.

Ana mwingine wa wiki 5, ndugu wa uzao wa pili. Huyo nimemwambia asimtoe nje ya geti kabla ya chanjo kukamilika, ila alale jikoni, kwenye wajukuu na kelele za sufuria.